Moshi Nyuma ya Ghala la Pamba

9 Juni
Daftari hili lilitolewa na kampuni ya mbegu, lina picha ya mahindi mbele, na tangu Januari lilikuwa limelala juu ya kabati. Leo nina la kuandika. Loveness amerudi nyumbani, na hakuja likizo, amekuja kikazi. Ameshuka kwenye bodaboda na begi la kompyuta mgongoni, kofia ngumu ya njano mkononi, na Bugandilwa nzima imemwona. Nilikuwa nimeitoa cherehani yangu barazani tangu asubuhi, ili kila anayepita aulize ninamsubiri nani.

Hapa kijijini mimi ni Mama Loveness. Paskazia ni jina la kanisani na la benki. Nimeishia darasa la saba, nashona sare za shule, na nina mtoto mmoja ambaye ni mhandisi wa mazingira. Neno hilo nimeliandika polepole ili likae vizuri kwenye mstari.

Kazi yenyewe ni hii. Kile kiwanda kipya cha kuchenjua dhahabu, kilichojengwa ubavuni mwa ghala la pamba, kinaomba kibali cha kudumu. Serikali inataka kujua kwanza moshi wake unaanguka wapi. Shule yetu ya msingi iko upande wa machweo, na upepo wa kiangazi unatoka macheo, kwa hiyo swali ni moja tu: moshi unapita juu ya watoto, au unawashukia? Ukiwa unawashukia, mwenye kiwanda atalazimishwa kurekebisha. Ukiwa unapita juu, ataachwa kama alivyo. Kampuni ya Mwanza iliyomwajiri mwanangu ndiyo itakayojibu, na ripoti itabeba jina lake. Ya kwanza kabisa.

Nimechinja jogoo.

11 Juni
Nilimuuliza, sasa wewe moshi utaujuaje unakokwenda, utaukimbiza na viatu hivyo? Akacheka. Akasema hesabu inapigwa na kompyuta. Unaiambia upepo wa mwaka mzima ulivyovuma, kwa vipimo vya uwanja wa ndege kule Ibadakuli, unaiambia bomba la moshi ni refu kiasi gani na moshi una joto gani, nayo inakuchorea moshi unaangukia wapi.

"Basi rahisi," nikasema.

"Rahisi kama pangekuwa uwanja mtupu, Mama. Tabu inaletwa na majengo."

Akachukua kijiti cha udi, akakichomeka kwenye kiazi, akakiweka sakafuni. Akanipa ungo. "Pepea, lakini taratibu, kama unapepeta mchele wa wageni." Nikapepea, na moshi ukaenda moja kwa moja hadi mlangoni bila kugusa chini. Halafu akasimamisha tofali jirani na udi. Nikapepea vile vile. Safari hii moshi ulipanda juu ya tofali, ukafika ng'ambo, ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi, ukabaki unazungukazunguka nyuma ya tofali pale chini.

"Umeona? Upepo ukivuka jengo unashuka nyuma yake na kujizungusha. Moshi ukinaswa humo, unashuka nao."

"Na kompyuta ikisahau tofali?"

"Itakwambia watu wako salama, kumbe wanavuta moshi. Na ukiiwekea tofali ambalo halipo, itakudanganya kwa njia nyingine. Ndiyo maana lazima nipime kila jengo lililo karibu na bomba. Urefu wake kwenda juu, upana wake, limeelekea wapi."

"Hata nyumba ya Ngassa?"

"Ikiwa karibu, hata ya Ngassa."

Huyu ndiye niliyemfundisha kusoma kwa gazeti la kufungia vitumbua.

13 Juni
Kaptula za darasa la kwanza. Upepo mwingi, vumbi hadi ndani ya chai.

15 Juni, Jumapili
Baada ya misa nilisema kidogo tu, na ni kwa sababu niliulizwa. Eufrasia, anayepika uji shuleni, alitaka kujua binti anafanya nini na kile kidude chenye taa nyekundu. Nikamweleza: anapima majengo yote yaliyo karibu na kiwanda, na kila jengo linaingizwa kwenye kompyuta, linakwenda Mwanza, kisha Dodoma. Dodoma niliiongeza mwenyewe. Niliona inafaa.

Ngassa, jirani yangu, alikuwa amesimama karibu anajifanya anafuta baiskeli.

"Na urefu anapima?" akauliza.

"Urefu ndio hasa anaoutaka."

"Kwenda juu?"

"Kwenda juu."

Akavaa kofia yake akaondoka, na matangazo ya harusi, yanayosomwa hapo nje baada ya misa, yalikuwa bado hayajasomwa.

18 Juni
Loveness amerudi Mwanza. Tumeagana vibaya kidogo, naandika ili nipoe.

Asubuhi nilimsindikiza akapime ghala la pamba. Ndilo jengo refu kuliko yote hapa, na aliyelipandisha kuta zake ni baba yake, Mayala, Mungu amrehemu, akiwa fundi kijana kabisa. Mimi nilikuwa nimetoka Maganzo, ambako baba yangu alichimba almasi maisha yake yote akaambulia mikono migumu. Nililetwa huku kwa shangazi nimsaidie kuvuna. Siku za kuuza pamba mikokoteni ya ng'ombe ilipanga foleni kutoka ghalani hadi kisimani, na pamba ilining'inia kwenye miiba ya barabara nzima hata ukadhani mti umechanua. Mayala alikuwa juu kwenye jukwaa la miti, anamalizia ile pembetatu ya ukuta inayobeba paa. Akanipigia kelele kutoka huko, "Wewe binti wa Maganzo, sogea, tofali likikuangukia nitalazimika kukuoa." Nikamjibu, "Basi liangushe." Wanawake wa foleni walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Sikuwa mtu wa haya, na sijawa.

Sasa leo mwanangu anaelekeza taa yake nyekundu kwenye pembetatu ile ile, anasoma namba, anasema, "Mama, tatizo ni hili."

"Lipi?"

"Hili ghala. Bomba la kiwanda limelizidi kidogo tu. Ili moshi usinaswe, bomba linatakiwa liwe kama mara mbili na nusu ya jengo lililo jirani yake. Hapa upepo unavuka ghala, unauburuta moshi chini, na shule iko nyuma hapo."

"Ghala la baba yako lilikuwepo kabla ya bomba. Tatizo ni bomba."

"Upepo hauulizi nani alitangulia, Mama."

Nikamgeuzia mgongo mpaka basi lilipokuja. Nikampa karanga zake, nikamwambia safari njema, na sikupunga mkono. Nilipunga basi lilipogeuka, asione.

22 Juni
Ngassa amepiga vigingi katika kile kiwanja kilicholala, kati ya ghala na shule.

27 Juni
Si Ngassa peke yake. Wametegesha.

Mtu wa mbali akisoma hapa hataelewa, kwa hiyo nieleze. Ukanda huu wa dhahabu, mtu akisikia mgodi unapanuka, anakimbilia kujenga kijumba mahali utakapopita, ili mthamini wa fidia akifika amkute "anaishi" hapo. Kuta za tofali mbichi na tope, msingi hakuna, choo hakuna. Wapo waliopata, wengi zaidi waliambulia mgongo kuuma, lakini kila kizazi kinajaribu. Siku zote nyumba za kutegesha huwa fupi na nyingi. Safari hii zinakwenda juu.

Nilimkuta Ngassa amesimama kwenye pipa, anapandisha tofali juu ya tofali, ukuta umeshampita.

"Ngassa, hiyo ni nyumba au mnara?"

"Mama Loveness, binti yako anataka urefu. Mimi nampa urefu."

"Nani atalala humo, twiga?"

"Akiwa wa kulipwa fidia, hata twiga karibu."

Nilicheka nikapita. Nilimwambia hakuna fidia niliyoisikia, akanikonyeza kama mtu anayetunziwa siri. Na niseme ukweli, haikuniudhi. Siku hizi watu wazima walionizidi umri wananitangulia kunisalimia.

5 Julai
Kuta zimekuwa mtaa. Loveness hajapiga simu, ana kazi Geita.

16 Julai
Kiwanda kimechoma kaboni yao tangu asubuhi, ndivyo wanavyoikamua dhahabu. Moshi ulikaa nyuma ya ghala kama umefungwa kamba. Mashati niliyoanika yananuka kama betri. Eufrasia amepita hapa anasema watoto wanakohoa kwenye foleni ya uji. Nikamwambia ni vumbi la kiangazi, kila mwaka wanakohoa. Akaniangalia, akachukua sindano aliyokuja kuazima, akaenda zake.

3 Agosti
Leo tumepigwa picha kutoka juu. Kijana anaitwa Davis, anafanya kazi ofisi moja na Loveness, amekuja na droni, kidude kinachoruka kinanguruma kama nyuki wa kiwandani. Habari zilimtangulia. Walipojua picha inapigwa kutoka angani, kina Ngassa waliazimana mabati kijiji kizima, hata ya banda langu la kuku yalikwenda, wakayatandaza juu ya zile kuta na kuyakandamiza kwa mawe. Ngassa alitundika pazia dirishani na kumfunga mbuzi mlangoni. Jioni mabati yote yalirudi kwa wenyewe.

Davis nilimlisha wali kwa maharage, nikamwambia mimi ndiye mama yake Loveness, akasimama kunipa shikamoo upya. Kijana mwenye adabu. Akaniuliza, "Mama, naona huku mji unakua kwa kasi?"

Nikasema, "Sana, baba. Njoo mwakani, hutapatambua."

20 Agosti
Joto. Zamani mwezi huu ungesikia mizani ya ghala ikigonga mchana kutwa na karani akiita majina. Mayala alikuwa akiitwa anaitika kwa sauti ya kuigiza ya mzee, na karani anasaka mzee haonekani. Leo nimesikia jenereta tu.

6 Septemba
Naanza na furaha, maana ilianza na furaha.

Loveness alipiga simu mchana. "Mama, rasimu ya ripoti imekamilika. Shule iko salama."

Nikapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha ndani ya nyumba.

"Na ghala la Baba halina kosa. Niliogopa bure. Kompyuta inaonyesha moshi unashukia kwenye ule mtaa mpya, unatawanyika hapo, na ukifika shuleni ni mwepesi, haufiki kiwango cha kudhuru. Bomba halihitaji kuongezwa. Bosi amenisifu mbele ya watu."

Nilitaka anirudie maneno ya bosi moja moja. Akanirudia. Ndipo nikauliza, kwa kuzungumza tu, "Mtaa mpya upi, ng'wanawane, mwanangu?"

"Hayo majengo marefu kati ya ghala na shule. Mimi sikuyaona Juni, nadhani yalikuwa hayajaanza. Davis aliyapata kwenye picha."

"Aa, zile kuta za kina Ngassa."

Furaha ikamtoka sautini.

"Mama, zina watu?"

"Zina mbuzi mmoja."

"Zina paa?"

"Zilikuwa nalo siku ya picha."

Nilisikia kiti kikivutwa kule Mwanza. Mwanangu ni mtoto wa hapa hapa, sikuhitaji kumaliza. "Wametegesha," akasema. "Lakini kwa nini ziwe ndefu? Mama, nani aliwaambia napima urefu kwa ajili ya fidia?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

8 Septemba
Nimempigia mwenyewe. Nimemweleza yote, la kanisani, la Dodoma, la Davis na mji unaokua. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua.

Akaniambia ilivyo. Kompyuta imezichukua zile kuta kama maboksi yaliyojaa na kufunikwa, nyumba za kweli zitakazosimama miaka. Kumbe ni kuta nne zenye matundu, upepo unapita katikati. Na mvua ya kwanza itaziangusha. Zikianguka, ripoti itabaki inasema watoto wako salama, wenye mamlaka watatia saini, na moshi utashuka shuleni nyuma ya ghala, kama alivyohofu mwezi Juni. Kila mtu atakayeuliza ataonyeshwa karatasi yenye jina lake.

Amemwendea bosi. Bosi kasema picha inaonyesha mapaa na tarehe ipo, hawezi kufuta mtaa mzima kwenye ramani kwa maneno ya mama mtu. Kijiji kiseme chenyewe, katika mkutano, kwa muhuri, kwamba yale si makazi. Kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo ripoti inakwenda ilivyo.

"Nije niwaambie mimi?" akauliza.

"Wakikuona wewe na kofia yako watapandisha mabati tena," nikamjibu.

12 Septemba
Nimetembea hadi ghalani peke yangu. Mlango mkubwa umefungwa kwa mnyororo, mwenye kiwanda alilinunua pamoja na kiwanja chake, siku chama cha ushirika kilipokufa. Nimeweka kiganja ukutani. Tofali zake bado zinashika joto la jua mpaka jioni, zilichomwa vizuri, Mayala alikataa tofali mbichi hata moja.

Nikawaza, nikikaa kimya nini kitatokea? Mwanangu amesifiwa tayari. Ghala limesafishwa jina. Majirani wananipenda. Ni mimi tu ninayepaswa kutofanya kitu.

Nilirudi kwa njia ya shuleni. Watoto walikuwa kwenye foleni ya uji na moshi uko pale, si mwingi, kama pazia la chandarua. Mmoja wa darasa la kwanza alikuwa anakohoa, ameshika kikombe mbali asimwage. Shati nilimshonea mimi. Kola niliigandisha vizuri, na kila akikohoa inaruka.

Nikamwambia Eufrasia, "Si vumbi."

Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme."

17 Septemba
Mwenyekiti wa kijiji, Maige, ameitisha mkutano wa Jumamosi. Ngassa amekuja na jogoo.

"Mama Loveness, tunakutegemea. Wewe kaa kimya tu. Kukaa kimya si kazi."

"Kwangu ni kazi tangu nizaliwe," nikamwambia. Jogoo nimemrudishia. Ameondoka naye kwapani, wote wawili wamenuna.

20 Septemba, Jumamosi
Mkono umechoka kwa kushona, na sasa kwa kuandika, lakini hili siliachi.

Tulikutana kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Walikuja wengi, na wenye kuta walikaa pamoja mbele kama bendi. Maige alisoma swali la kampuni, yale majengo ni makazi au si makazi. Mtu wa kwanza akasema ni makazi. Wa pili akasema ni makazi yanayotarajiwa. Wa tatu akasema aulizwe Mama Loveness, ndiye mwenye mhandisi, ndiye aliyetuletea habari za Dodoma.

Wote wakageuka. Nilikuwa nimevaa kitenge kizuri, nilichovaa siku ya mahafali yake.

Nikasimama. Nikasema, "Shikamooni wakubwa. Mwanangu si mthamini."

Wenye kuta wakaangaliana.

"Hana fidia, na hajui aliye nayo. Hajawahi kukutana na mtu yeyote wa Dodoma. Dodoma niliiweka mimi. Kule Mwanza anakaa chumba kimoja cha kupanga na choo cha kuchangia. Ana bosi anayemfokea. Ile kofia ya njano ni ya kampuni, jioni inarudi stoo. Alipima urefu wa majengo kwa sababu upepo ukivuka jengo unaushusha moshi, basi. Hakuna mwenye ukuta mrefu atakayelipwa kuliko mwenye ukuta mfupi, kwa sababu hakuna atakayelipwa."

Watu walianza kucheka, si kwa ubaya, wengine kwa ubaya. Ngassa akasimama. "Kwa hiyo mhandisi wako ni wa kupima moshi tu?"

Miaka yote niliyomsomesha nilijua majibu ya kila swali kuhusu mtoto yule, na kila jibu nililiongezea sukari. Hili nililitoa kavu.

"Wa kupima moshi tu."

"Na sisi tumefyatua tofali kiangazi kizima."

"Mmefyatua. Na kompyuta imezichukua tofali zenu, imesema watoto wetu wako salama, kwa sababu inadhani mnaishi mle. Mkisema mnaishi, bomba litabaki fupi lilivyo. Mvua zikija kuta zenu zitarudi kuwa tope, na moshi utabaki."

Ngassa akasema yeye akibomoa wengine wasipobomoa atakuwa amechekesha watu. Eufrasia akapaza sauti kutoka nyuma, "Ngassa, mjukuu wako yuko darasa gani?"

"La pili."

"Anakunywa uji upande gani wa ghala?"

Ngassa alitazama upande wa shule. Alikaa, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu.

Hapo ndipo Maige alipoonyesha kwa nini tumemchagua mara mbili. Akasema taratibu, "Mimi siwezi kuandika mtu haishi mahali kama anaishi. Kwa hiyo mwenye makazi pale anyooshe mkono. Akinyoosha, ahamie leo na mkewe, na sisi kama kijiji tutakwenda kumtembelea kesho, tumkute amelala humo." Mke wa Ngassa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atahamia na mbuzi." Uwanja mzima ukaangua kicheko, Ngassa mwenyewe akacheka akiwa ameinama.

Hakuna mkono ulionyooshwa. Muhuri ukagongwa.

Njiani kurudi mama mmoja alinipita akasema, "Tulidhani una mtoto waziri." Nikasema wabeja, asante. Sikuwa na la kuongeza, na nililitafuta.

29 Septemba
Hakuna anayenitangulia kunisalimia. Nimeshona sketi.

4 Oktoba
Loveness amekuja mwenyewe badala ya kupiga simu, nikajua.

Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Amefuta kuta zote, amepiga hesabu upya. Moshi unashuka shuleni, mzito kuliko inavyoruhusiwa, na kinachoushusha ni ghala. Ripoti imesema hivyo kwa jina lake. Bosi hakumsifu safari hii, lakini ametia saini. Mwenye kiwanda amepewa njia mbili: arefushe bomba hadi mara mbili na nusu ya ghala, au ghala lisiwepo.

"Niliandika bomba kwanza, Mama. Nililiweka namba moja."

"Najua."

"Amesema bomba refu linataka msingi mpya na mafundi kutoka mbali. Ghala ni lake, na hesabu inakubali njia zote mbili. Nisingeweza kusema haikubali."

"Nani amekwambia useme?"

Alilia yeye. Mimi niliendelea na pindo la sketi mpaka mwisho, kisha nikalifumua, maana nilikuwa nimelishona kwenye gauni langu mwenyewe.

25 Oktoba
Wameanza na mabati ya ghala.

28 Oktoba
Mwenye kiwanda amewaajiri kina Ngassa kubomoa. Ngassa alikuja kwanza kuniomba radhi, kofia mkononi, akasema kama sitaki hatakwenda. Nikamwambia aende, afadhali mikono inayolijua.

Nilikaa kwenye gogo nikatazama siku nzima. Wazee wengine walikuja wakakaa pia, hatukuambizana. Mmoja alikumbuka mwaka ambao pamba ilijaa mpaka tukalala juu yake kuilinda na mvua. Mwingine alikumbuka harusi yangu, iliyofanyika humo humo ndani kwa sababu ndipo palipoenea watu wote, na mizani ilivyotumika kumpima bwana harusi na bibi harusi, na mimi nikawa mzito kuliko Mayala. Nilikanusha. Wakasema mizani ya ushirika ilikuwa haidanganyi. Nikawaambia ilidanganya wakulima miaka yote, sembuse mimi.

Pembetatu ya juu ilibaki ya mwisho. Walipiga nyundo mpaka adhuhuri, haikutikisika. Ngassa akateremka kunywa maji, akasema, "Mayu, mama yangu, huyu mzee alichanganya nini humu?"

"Saruji," nikasema. "Jaribu siku moja."

Ilianguka saa za alasiri, upande wa ndani, nzima nzima.

9 Novemba
Mvua ya kwanza. Kuta za kutegesha zilizokuwa zimebaki zimelainika na kukaa chini kama ng'ombe waliochoka. Tofali za ghala Maige aliziombea shule, zimepangwa vizuri uwanjani, mvua inazipiga na hazina habari.

16 Novemba
Loveness yuko hapa tangu juzi na kipimo kingine, kisanduku cheupe alichokifunga juu ya mlingoti wa bendera shuleni. Kiwanda kilichoma jana. Tulikaa wote wawili pale uwanjani. Moshi ulitoka bombani, ukapita juu ya mahali palipokuwa na ghala, ukapita juu ya shule, ukaenda kujipoteza huko kwenye mashamba. Kisanduku hakikusema kitu kibaya. Eufrasia amenipungia mwiko.

Na pale mahali, sijui niandikeje. Nimezoea jicho langu likitoka mlangoni kwangu linaegemea kitu. Sasa linakwenda tu.

Leo baada ya chakula amenionyesha kompyuta. Kiwanda ni kisanduku cha bluu, shule kisanduku cha kijani, na kati yao peupe. Alikuwa anajaza maelezo ya ramani ya mwisho, ile itakayobaki ofisini. Nikamuuliza pale ameandika nini.

"Pale? Nimeandika hakuna kitu."

Nikamwambia, "Andika hakuna jengo. Hakuna kitu, usiandike."

Akanitazama. Kisha akafuta, akaandika nilivyosema.